Kama kampuni ni dili zuri hivyo, mbona dunia nzima siyo kampuni moja?

#1 – mleta uzi

Wakuu salaam. Huu uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Kuna kitu kilikuwa kinanikera toka nasoma uchumi mwaka wa kwanza. Darasani tunachora mahitaji na ugavi, bei ikipanda huyu anapunguza yule anaongeza, bei ndo inampanga kila mtu, safi kabisa. Afu ukifika kwenye kampuni unakuta ni kisanduku tu, upande huu unaingiza nguvu kazi na mtaji, upande ule inatoka bidhaa, na hakuna mwalimu anayekifungua. Sasa wewe uliyewahi kuajiriwa kifungue mwenyewe, ndani hukuti bei. Mtu wa stoo hamuuzii fundi wa zamu msumari, mhasibu hapigi mnada masaa yake kila asubuhi aone idara gani inalipa zaidi. Anaambiwa leo funga hesabu za mwezi, anafunga. Yaani katikati ya hilo soko huria tunalolisifia kuna maeneo makubwa tu yanaendeshwa kwa amri. Mchumi mmoja Mwingereza, Dennis Robertson, aliyafananisha na mabonge ya siagi yanayogandana ndani ya ndoo ya mtindi, na mchumi mwenzake Ronald Coase akaichukua picha hiyo kwenye makala yake ya 1937.

Huyu Coase wazo alilipata bado mwanafunzi. 1931 alipata ufadhili wa kwenda Marekani, akawa anazunguka viwandani, Ford na General Motors wakiwemo, anauliza kwa nini hiki mnatengeneza wenyewe na kile mnanunua nje. 1932 yuko Dundee anafundisha, ana miaka 21, akalimwaga wazo lote kwenye mhadhara mmoja. Likachapwa miaka mitano baadaye na Nobeli ikamkuta 1991 akiwa na miaka 80.

Aliuliza maswali mawili, watu wanakumbuka moja. La kwanza, kama soko linapanga kila kitu, kampuni zipo za nini? Jibu lake: kutumia soko ni gharama. Kumtafuta muuzaji, kujua bei ya kweli, kubishana, kuandika mkataba, na kesho unaanza upya. Ukimwajiri mtu unaandika mkataba mmoja unaosema nitakulipa na wewe utafanya nitakachokwambia ndani ya mipaka fulani, yamekwisha. La pili ndo tamu: kama kampuni inaokoa gharama hizo zote, kwa nini uzalishaji wote wa dunia usifanywe na kampuni moja kubwa?

Mimi nimeamua kila nadharia niisimamishe mbele ya hilo swali la pili. Nadharia inayonieleza faida za kuwa kampuni bila kunieleza kampuni inaishia wapi na kwa nini inaishia hapo, kwangu ni tangazo la biashara.

Coase mwenyewe jibu lake la pili ni jepesi kidogo. Anasema kampuni inakua mpaka pale gharama ya kuingiza muamala mmoja zaidi ndani inapolingana na gharama ya kuufanya sokoni, maana kadri inavyokua bosi anaanza kukosea, kichwa kimoja hakitoshi. Sawa, ila gharama hizo unazipimaje? Ukiona kampuni kubwa unasema gharama za soko zilikuwa juu, ukiona ndogo unasema zilikuwa chini, hushindwi kamwe. Na yeye alilijua hilo, 1972 aliandika kwamba makala yake imenukuliwa sana na kutumika kidogo.

Na kabla hamjaniletea Adam Smith na kiwanda chake cha pini, watu 10 wanatoa pini 48,000 kwa siku wakati mtu peke yake huenda asifikishe hata 20: hiyo inaeleza kugawana kazi, haielezi bosi. Zile hatua 18 za kutengeneza pini zingeweza kufanywa na mafundi 18 kila mmoja na karakana yake, wanauziana. Kwa nini wapo chini ya paa moja, wanalipwa na mtu mmoja? Smith hapo hatusaidii.

Karibuni.

#2

Mkuu unazunguka sana. Kampuni ipo kwa sababu watu wanategea. Toa bosi uone kama kuna kazi itafanyika. Mjadala umefungwa.

#3 – mleta uzi

Haujafungwa hata kidogo hahaha, ila umewagusa wachumi Alchian na Demsetz bila kujua. 1972 hao jamaa waliandika hivyo hivyo kwa ustaarabu zaidi. Mfano wao watu wawili wanapakia mzigo kwenye lori kwa kuubeba pamoja. Mzigo umefika juu, nani kabeba zaidi? Huwezi kujua kwa kuangalia mzigo. Basi kila mmoja anategea kidogo, maana hasara ya kutegea wanagawana wote. Dawa ni mtu wa kusimamia. Na msimamizi akitegea kusimamia? Mpe kinachobaki baada ya wote kulipwa, hapo hatalala. Huyo ndo mwenye kampuni.

Nzuri, inavutia, ila ina vituko viwili. Cha kwanza wanakataa kabisa kwamba bosi ana mamlaka. Wanasema kumwambia mwajiriwa chapa barua hii badala ya kufaili ile ni sawa na mteja kumwambia mwenye duka niuzie hiki badala ya kile, akikataa unahama duka. Aisee. Mtu yeyote aliyewahi kuitwa ofisini kwa bosi ijumaa jioni anajua siyo sawa, ila kueleza kwa nini siyo sawa ilichukua wachumi miaka mingine 14, nitafika huko.

Cha pili, lile swali langu. Kama shida ni kutegea, kampuni inaishia wapi? Wanasema timu ikiwa kubwa usimamizi unakuwa mgumu. Sawa, weka wasimamizi wengi. Afu kuna kampuni kibao ambazo kazi ya kila mtu inahesabika peke yake bila shida, muuza bima mmoja anajulikana kauza ngapi, mbona na yeye ameajiriwa? Bengt Holmström 1982 akatia kidole hapo hapo, akaonyesha kwamba timu ikigawana kila senti iliyozalisha haiwezi kujibana yenyewe, lazima awepo mtu wa nje wa kubeba tofauti, na kazi ya huyo mtu siyo lazima iwe kusimama na filimbi.

#4

Naona mnaongea kama bosi aliombwa na wafanyakazi aje awasimamie. Stephen Marglin 1974 aliuliza mabosi wanafanya nini hasa, na jibu lake halikuwa ufanisi. Wafumaji wa Uingereza walikuwa wanafanya kazi nyumbani kwao, mfanyabiashara analeta uzi anachukua kitambaa, mtu anajipangia masaa yake. Wakakusanywa kiwandani, na hoja ya Marglin ni kwamba viwanda vya mwanzo havikuletwa na mashine bora, vililetwa na haja ya kumshika mtu masaa na kumpokonya uamuzi wa lini afanye lini apumzike. Kugawanya kazi vipande vipande kulimfanya bosi awe wa lazima maana yeye tu ndo anajua vipande vinaunganaje. Hayo ya gharama za muamala ni kumpaka bosi mafuta.

#5 – mleta uzi

Mkuu wa #4 hii nilikuwa naisubiri na naiheshimu, maana kati ya zote hii ndo inauliza nani kafaidika. Wanahistoria waliipinga, David Landes aliandika jibu refu tu kwamba kiwanda kilishinda kwa sababu kilizalisha kwa bei nafuu zaidi. Mimi naona wote wawili wanaweza kuwa sahihi kwa wakati mmoja, kitu kinaweza kuwa cha bei nafuu kwa sababu kimemkamua mtu.

Ila iweke mbele ya swali. Kama kampuni ni chombo cha kutawala na kujilimbikizia, basi hamu ya kutawala haina mwisho, kwa nini mwenye kiwanda cha magari hamiliki pia shamba la mpira, mgodi wa chuma, na kampuni ya kusafisha vyoo vya ofisi zake? Kuna kipindi Ford alijaribu karibu yote hayo, mpaka mashamba ya mpira Brazil, na yalimshinda. Marglin ananieleza kwa nini kuna bosi. Mpaka wa ufalme wa bosi hanielezi.

#6 – mleta uzi

Sasa tumfikie Oliver Williamson, Nobeli 2009 pamoja na Elinor Ostrom. Huyu alichukua wazo la Coase lililokuwa linaelea akalifunga kamba.

Anaanza na sifa mbili za binadamu, hana akili ya kuona kila kitakachotokea, na akipata mwanya anautumia. Afu anaongeza kitu kimoja: kuna mali ambayo ukishaijenga thamani yake ipo kwa mteja mmoja tu. Fikiria mtambo wa kufua umeme umejengwa mdomoni mwa mgodi wa makaa ya mawe. Kabla ya kujenga mlikuwa na wachimbaji kumi wa kuchagua. Ukishajenga unaye mmoja, na yeye anaye mteja mmoja. Soko limegeuka ndoa. Siku mgodi ukisema bei imepanda utakwenda wapi na mtambo wako? Anakukaba. Ukijua utakuja kukabwa hujengi, au unajenga kitu cha hovyo kinachohamishika. Hapo ndo bora mmoja ammeze mwenzake, au waandike mkataba mrefu mno. Na hii inapimika, Paul Joskow alichambua mikataba ya makaa ya Marekani miaka ya 80 akakuta kweli, pale mtambo na mgodi vilipofungamana zaidi mikataba ilikuwa mirefu zaidi.

Mfano ambao kila kitabu kinao ni General Motors na Fisher Body, watengeneza bodi za magari. 1919 wakaingia mkataba wa miaka 10, GM akachukua asilimia 60 ya hisa, bodi zinauzwa kwa gharama ukiongeza asilimia 17.6. 1926 GM akanunua zilizobaki. Klein, Crawford na Alchian 1978 wakasema sababu ni kukabwa, Fisher alikataa kujenga viwanda karibu na vya GM na alijaza watu badala ya mashine ili gharama ipande na asilimia yake inone. Hadithi tamu. Shida ni kwamba 2000 mzee Coase, karibu miaka 90, akarudi kwenye nyaraka akasema hakuna kitu kama hicho kilichotokea, na viwanda vilijengwa karibu tu. Akakumbusha pia kwamba kampuni ya A. O. Smith ilimuuzia GM fremu za magari miongo na miongo, mali imefungwa kwa mteja vile vile, na hakuna aliyemmeza mwenzake. Kukabwa kulikuwepo hewani ila jina zuri na biashara ya kesho viliwabana wote.

Haya, swali la pili sasa, na Williamson nampa heshima maana alilichukua kwa uzito kuliko wote waliomtangulia, akalifanya fumbo. Sikilizeni vizuri. Kampuni kubwa inanunua ndogo. Inasema nyie endeleeni vile vile kama mlivyokuwa, sitaingilia kitu, isipokuwa siku nikiona kuna faida ya wazi ya kuingilia. Maana yake mkiwa pamoja hamuwezi kuwa na hali mbaya kuliko mkiwa mbalimbali, kibaya zaidi ni kuwa sawa na mwanzo. Rudia hivyo hivyo kwa kampuni inayofuata, na inayofuata. Unafika kampuni moja ya dunia nzima bila kupoteza hata senti. Wapi kosa?

Nilikaa na hilo fumbo wiki nzima kipindi kile. Kosa lipo kwenye ile ahadi. Mwenye uwezo wa kuingilia hawezi kujifunga mikono asiingilie. Yule aliyekuwa mwenye kampuni ndogo sasa ni meneja wa tawi, unamwambia bado utalipwa kwa faida ya tawi lako, lakini faida ya tawi inahesabiwa na nani? Makao makuu ndo yanapanga bei ya ndani, ndo yanaamua gharama za jengo na za mkurugenzi zigawanywe vipi, mwaka tawi likinona wanalibandikia gharama za wengine. Meneja siyo mjinga, ataacha kuhangaika. Mashine zilikuwa zake alizipaka grisi mwenyewe usiku, sasa ni za kampuni, zikivunjika ataomba mpya kwenye bajeti. Kibao kikigeuka ni vile vile, matawi yanajua makao makuu yana sikio, basi muda wa kazi unahamia kwenye kulivuta hilo sikio, vikao, ripoti za rangi, kupeleka maneno. Paul Milgrom na John Roberts walizipigia hesabu gharama za hiyo siasa ya ofisini na ukitaka ukweli hiyo ndo sehemu ya uchumi ninayoiamini kuliko zote.

Kuna kingine alikisema Williamson 1991, kidogo hivi lakini kinakaa kichwani. Kampuni mbili zikigombana zinapelekana mahakamani. Idara mbili za kampuni moja zikigombana kuhusu mzigo uliochelewa, mahakama inawarudisha nyumbani, malizaneni wenyewe. Bosi ndo mahakama ya rufaa. Basi mpaka wa kampuni ni pale ambapo jaji anaanza kukusikiliza.

#7

Hii ya kupeleka maneno kwa bosi nimeishi ndani yake miaka minne. Endelea mkuu nimekaa pale.

#8 – mleta uzi

Naendelea. Udhaifu wa Williamson ni kwamba faida ya kuungana inatoka kabati moja, kukabwa kunaisha, na hasara inatoka kabati jingine, urasimu na motisha kupoa. Tena kwa nini kukabana kunaisha mkishakuwa kampuni moja? Watu ni wale wale na ubinafsi wao. Hapa ndo wanaingia Sanford Grossman na Oliver Hart 1986, afu Hart na John Moore 1990, na Hart alichukua Nobeli 2016 na Holmström.

Wanauliza kitu cha kitoto: kumiliki maana yake nini? Mkataba hauwezi kuandika kila kitu. Mgodi na mtambo wameandikiana tani na bei, miaka sita mbele mtambo unataka makaa ya aina nyingine ambayo hakuna aliyeiwaza. Nani mwenye neno la mwisho kwa yale ambayo karatasi imeyanyamazia? Mwenye mali. Kumiliki ni hilo tu, neno la mwisho pale karatasi inapoishia.

Mnakumbuka mwenye duka wa Alchian na Demsetz? Jibu hili hapa. Ukiachana na mwenye duka, anaondoka na duka lake, rafu zake, wateja wake. Ukiachana na mwajiriwa anaondoka na kichwa chake tu, kompyuta inabaki, orodha ya wateja inabaki, kiti kinabaki na kesho kinakaliwa na mwingine. Ndo maana mwajiriwa anakutii na mwenye duka hakutii. Mamlaka juu ya mtu yanapitia kwenye umiliki wa vitu anavyovihitaji kufanyia kazi.

Na swali la pili linajibiwa kwa chombo kile kile, hiki ndo kilinivua kofia. Ukimnunua mwenye mgodi, wewe unapata neno la mwisho na moyo wa kuwekeza kwenye mtambo. Lakini neno la mwisho ni moja, umelipata kwa sababu yeye amelikosa, na moyo wake wa kuhangaika na mgodi umeshuka. Kampuni moja ya dunia ingemfanya mtu mmoja awe na moyo mkuu na watu wengine wote wawe wanasubiri mshahara. Mpaka unakaa pale ambapo neno la mwisho yuko nalo yule ambaye juhudi yake ndo inahitajika zaidi.

Dosari? Zipo. Mmiliki wa Hart ni mtu mmoja anayejulikana. Kampuni kubwa ya hisa mmiliki ni watu laki kadhaa ambao hawajawahi kuiona, Berle na Means walishalalamikia hilo 1932, wenye mali huku, wenye maamuzi kule. Jensen na Meckling 1976 wakaja na lao kwamba kampuni ni fundo la mikataba tu kati ya wenye hisa, mameneja, wakopeshaji, na wakahesabu mwenye hisa anapoteza kiasi gani kwa meneja anayejipendelea. Sawa, inafaa kwa kujadili mishahara ya wakurugenzi, ila fundo la mikataba halina mpaka, kila kamba ni mkataba, utajuaje fundo limeishia wapi? Naipita.

#9

Mimi naomba nipinge wote, kwa kilichonikuta. Nilikuwa kampuni moja ya kutengeneza programu, sitaitaja. Uongozi ukaamua timu ya kufanya majaribio itolewe nje, ipewe kampuni nyingine. Mkataba uliandikwa vizuri mno, bei nzuri, jamaa wale hawakutegea hata siku moja, walikuwa wachapakazi kuliko sisi, na hakuna aliyemkaba mwenzake. Na bado kazi ikazama. Zamani ukiona kitu cha ajabu unageuza kiti unamuuliza jirani hii imekaa hivi makusudi, anakwambia ndiyo kwa sababu ya yule mteja wa zamani, sekunde kumi. Baada ya hapo hilo swali likawa tiketi, yaani ombi la maandishi kwenye mfumo, tiketi inajibiwa kesho, jibu linaleta swali jingine. Kumbe kuna vitu tulikuwa tunavijua bila kujua kwamba tunavijua, na hakuna aliyeviandika kwenye mkataba kwa sababu hakuna aliyejua vipo. Wachumi wenu hao wote wanaamini shida ni watu wabaya. Sisi hatukuwa na mtu mbaya hata mmoja, na ndo kwanza tukachelewa miezi mitano.

#10 – mleta uzi

Mkuu umeandika vizuri kuliko mimi, na wewe una ukoo wako kwenye hii fani. Edith Penrose, 1959. Kwake kampuni ni mkusanyiko wa watu na vitu pamoja na uzoefu wa kuvitumia kwa pamoja, na uzoefu huo haununuliki dukani. Baada yake Nelson na Winter 1982 wakaongelea mazoea ya kampuni, zile njia za kufanya kazi ambazo zinabaki hata watu wakibadilika, afu Kogut na Zander 1992 wakasema wazi kampuni zipo kwa sababu zinahamisha ujuzi ndani yao vizuri kuliko soko, hata kama hakuna mtu mwenye nia mbaya.

Jibu la Penrose kwa swali la pili ni la ajabu na nalipenda. Anasema mmekosea swali. Kampuni haina ukubwa wa mwisho, ina mwendo wa mwisho. Ili ikue inahitaji mameneja wapya, na meneja mpya anafunzwa na wa zamani kwa kufanya naye kazi, hakuna njia ya mkato. Ukiajiri haraka kuliko uwezo wa wakongwe kuwafunza wageni, wakongwe wanaacha kazi yao na wageni hawajaijua yao. Yaani leo siyo kampuni moja kwa sababu hakuna aliyewahi kuwa na muda wa kutosha. Hapo sasa simalizi kuamini, maana ukimpa muda usio na mwisho anarudi kwenye fumbo la Williamson na hana pa kujificha.

Kwa kesi yako wewe naona Penrose kashinda. Kwa mgodi na mtambo, Hart. Siwezi kuwasuluhisha na sidhani kama inabidi, mmoja anaongelea nani ana neno la mwisho, mwingine anaongelea nani anajua nini.

#11

Boeing 787 je? Walitoa nje usanifu na utengenezaji wa vipande vikubwa vikubwa, ndege ya kwanza ilikuwa ikabidhiwe 2008 ikakabidhiwa 2011. Na 2009 wakanunua kiwanda cha Vought cha South Carolina kilichokuwa kinawatengenezea vipande vya mwili wa ndege. Kiwanda chao cha Wichita walikiuza 2005 kikawa Spirit AeroSystems, 2024 wakakubali kuinunua tena. Nadharia ipi hiyo?

#12 – mleta uzi

Zote zitainua mkono hahaha. Williamson atasema kipande cha 787 hakiuziki kwa mtu mwingine yeyote, mlikabana. Mtu wa Penrose atasema mkiuza kiwanda mnauza na vichwa vilivyojua kwa nini tundu lile lipo pale. Mimi naegemea huku kwa Penrose kwa kuchelewa kwenyewe, na kwa Hart kwa kununua tena, maana mambo yalipoharibika walichotaka ni uwezo wa kuingia kiwandani na kusema sasa tunafanya hivi, na neno hilo kwenye kiwanda cha mtu mwingine huna. Ila nakubali, nadharia inayopata alama kila mtihani inatia shaka.

#13

Swali la mwisho kabla sijalala. Intaneti imeshusha gharama za kutafuta na kulinganisha bei. Si ina maana kampuni zingekuwa zimepungua? Mbona zimenenepa?

#14 – mleta uzi

Coase alishalisema 1937, watu hawasomi. Simu na telegrafu, alisema, zinapunguza gharama ya kupanga kazi kwa mbali, basi zitaikuza kampuni. Teknolojia ile ile inashusha gharama za soko na gharama za bosi kwa pamoja, kinachoamua ni ipi imeshuka zaidi.

Mfano ninaoupenda ni wa malori Marekani, Baker na Hubbard walichunguza kompyuta za ndani ya gari zilivyoingia. Zamani kwenye safari ndefu dereva mwenye lori lake aliliendesha kwa adabu, aliyeajiriwa alikimbiza afu akapumzika mbele, injini siyo yake. Hivyo umiliki wa dereva ulikuwa na maana. Ikaja kompyuta inayorekodi mwendo, ofisi ikaanza kujua nani anakimbiza, na madereva wanaomiliki malori wakapungua, kampuni ikayachukua. Kifaa kidogo kimesogeza mpaka wa kampuni.

Kinachoninyima usingizi mimi ni hizi programu za kuita usafiri. Gari ni la dereva, kwa Hart wa haraka haraka huyo ni mfanyabiashara huru. Lakini bei anapangiwa, abiria anapangiwa, akikataa safari sana anafungiwa, hiyo ni amri kabisa, tena bila kikao. Siyo soko, maana dereva hajui bei ya jirani wala hawezi kupunguza apate abiria. Siyo kampuni, maana hana mshahara na tairi likipasuka ni lake. Alchian angesema msimamizi yupo, ni algorithimu, basi ni kampuni. Ila Hart mwenyewe akitulia angeuliza mali inayohitajika hapo ni ipi, gari au orodha ya abiria? Magari yapo kila mahali.

#15

Ongeza na nyota mkuu. Nina safari zaidi ya elfu nne na nyota 4.9, nikahamia programu nyingine wakanianzishia sifuri, nikapangwa mwisho kama mtu aliyepata leseni jana. Zile nyota nilizitafuta mimi, zimebaki kwao.

#16 – mleta uzi

Daah. Hiyo sikuwa nimeiwaza kabisa, nilikuwa nahesabu abiria tu. Kwa hiyo kichwa chako umeondoka nacho, gari umeondoka nalo, na bado umeondoka kama mwajiriwa.